Kelele Isiyosikiwa na Mwingine

Kila mwenye maradhi haya huyaeleza kwa mfano wa jambo alilowahi kulisikia, maana sauti yenyewe haina mahali inapotoka ambapo mtu angeweza kumwonyesha mwenziwe kwa kidole. Rafiki yangu mmoja, mstaafu wa reli, husema yake ni mvuke utokao katika birika. Jirani yetu, bibi aliyenizidi umri, husema amebeba mzinga wa nyuki. Yangu mimi ni nyenje, yule mdudu aliaye juu ya miti wakati wa joto, mlio mmoja mwembamba usiopumua. Alianza mwaka 2013, miaka mitatu baada ya mimi kustaafu, na tangu hapo hajanyamaza hata kwa muda wa kuhesabu kumi. Madaktari huiita hali hii tinitasi, neno lenye asili ya Kilatini ambalo maana yake ni kulia kama kengele. Sisi husema masikio yanavuma. Neno letu linatosha.

Utotoni tuliambiwa kwamba sikio likilia, basi kuna mtu mahali fulani anakutaja. Kama ni kweli, mimi ni mtu anayetajwa kupita wote katika mkoa huu, usiku na mchana, na hata mbunge wetu hanifikii.

Juu ya usiku sitasema mengi. Usiku kila mtu anajua kuwa ni mgumu, na mtu akikuuliza habari zako hukuuliza juu ya usingizi. Mimi nataka kusema juu ya mchana, na hasa mchana wa mtu anayefanya kazi katika chumba kimoja na wenzake, maana huko ndiko maradhi haya yanakotaka kukunyang'anya kitu ambacho hakirudi kwa kulala.

Siku tatu kila wiki mimi huketi katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo cha walimu hapa Tanga, nikiwa katibu wa kamati ya mikopo. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza nne na watu watano. Yupo mhasibu, mama kijana mwenye bidii, wapo makarani wawili, yupo mwenyekiti ambaye huja na kuondoka, nipo mimi. Wanachama huingia kwa mlango mmoja na kuketi kwenye benchi lililo ukutani, hatua tatu kutoka kwenye meza yangu. Mtu akikohoa kwenye benchi, mhasibu husikia. Mhasibu akihesabu noti, benchi zima husikia.

Mtu asiyejua atadhani kwamba mwenye kelele kichwani anahitaji mahali pa kimya. Hata mimi, ambaye kwa miaka thelathini na tisa kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto wanyamaze, ningefikiri hivyo. Kumbe kimya ndicho adui. Saa mbaya kuliko zote ofisini kwetu si ile ya asubuhi ambapo wanachama wamejaa, simu zinalia na mashine ya kuchapa inakoroma. Saa mbaya ni ya adhuhuri, wakati wengine wamekwenda kuswali na wengine kula, mlango umerudishwa, na nimebaki mimi na fomu zangu. Hapo nyenje hutoka katika kona aliyokuwa amejificha, akakaa katikati ya karatasi. Nasoma mstari mara tatu. Najumlisha safu ya tarakimu, nikifika chini nimesahau nilichobeba.

Jambo hili ni la zamani. Katika kitabu cha maswali ambacho watu wa kale walikinasibisha na Aristotle limo swali kwamba mbona mvumo wa sikio hukoma mtu anapotoa sauti, na jibu linalopendekezwa ni kwamba sauti kubwa huifukuza ndogo. Mwaka 1953 madaktari wawili wa Marekani, Heller na Bergman, walitangaza matokeo ya jaribio jepesi kabisa. Waliwaweka watu 80 wenye kusikia vizuri, mmoja mmoja, katika chumba kisichopenya sauti, wakawauliza wanasikia nini. Asilimia 94 walisema wanasikia kitu: mvumo, mlio, mluzi. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Walichokosa ni makelele ya kawaida ya dunia ambayo hutufunika sote kama shuka.

Nimejaribu kuelewa sababu, na nitaeleza jinsi nilivyoelewa, kwa lugha ya mwalimu wa darasa la saba. Ndani kabisa ya sikio mna mfereji uliojisokota kama nyumba ya konokono, nao umejaa maji. Ndani yake zimepangwa chembehai zenye nywele ndogo mno, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio, na kila sehemu ya mfereji hupokea sauti za aina yake: nyembamba karibu na mlango, nzito huko ndani. Chembe hizi zikifa kwa uzee, kwa kelele au kwa dawa kali, hazioti tena. Kwa binadamu, yaani. Kuku huota nyingine, jambo lililogunduliwa katika miaka ya 1980, na nikimwona jogoo wangu akiwika kwa nguvu zote karibu na masikio yake mwenyewe huwa namwonea wivu kidogo. Sasa, ubongo uliozoea kupokea habari kutoka kwenye chembe hizo, zikikatika, hufanya kama tulivyokuwa tukifanya na redio za mawimbi mafupi. Stesheni ikififia, unaongeza sauti. Stesheni ikipotea kabisa, umeongeza mpaka mwisho na unachosikia ni mchakato mtupu. Wataalamu wengi wa leo huelekea kwenye maelezo ya namna hiyo: chanzo huwa sikioni, lakini mlio wenyewe hukaa kichwani. Ndiyo maana mtu hawezi kuuchokoa kwa njiti ya kiberiti, wala kwa unyoya, ingawa wengi hujaribu na kuitoboa ngoma ya sikio bure.

Kuhusu chanzo changu mimi sina hakika, wala sitaki kubuni. Nilizaliwa katika kambi ya mkonge wilayani Muheza, zama Tanganyika inaongoza dunia kwa mkonge, na baba yangu alifanya kazi kwenye korona. Vijana wakisikia neno hilo hukumbuka maradhi ya mwaka 2020. Sisi tuliijua korona kabla yao: ni mashine ya kusaga majani ya mkonge ili zibaki nyuzi, na ilipokuwa ikifanya kazi watu waliongea kwa mikono. Baba alipofika miaka hamsini ilikuwa lazima umguse bega ndipo ageuke. Mimi baadaye nilikuwa mwalimu, na kengele ya shule zetu nyingi ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, madarasa yalijaa hata watoto wakakaa chini, na mwalimu alipaza sauti kutwa nzima juu ya sauti zao. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka, muda ukatwe nusu. Hakuna aliyetupimia. Lakini pia nina miaka zaidi ya sabini, na uzee peke yake unatosha.

Kwinini nayo nimeimeza sana. Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi masikio yalivyokuwa yakilia kwa dawa ile, na jinsi yalivyotulia dawa ilipokwisha. Aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya hivyo hivyo. Kuna sindano, kama zile za gentamaisini, ambazo zaweza kuua chembe za sikio moja kwa moja, na ndiyo maana mganga mwangalifu hazitoi ovyo. Nayasema haya ili mtu masikio yakianza kumvuma aulize kwanza juu ya dawa anazotumia, kabla hajatafuta mchawi. Na kama mvumo uko sikio moja tu, au unapiga pamoja na moyo, au kusikia kumepotea ghafla kwa siku moja, hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nilikwenda. Nilipimwa, nikaambiwa sauti nyembamba zimepungua katika masikio yote mawili, kwamba hakuna uvimbe, na kwamba hakuna kidonge cha kuuondoa mlio. Daktari alikuwa kijana, na alisema neno hilo kwa upole akinitazama machoni, nami nilimshukuru kuliko angeniandikia chupa tatu za dawa.

Basi nikarudi ofisini, na ndipo yalipoanza mashauri ya hedifoni.

Mmoja wa makarani wetu, kijana mwema sana, huvaa vile vijidude vya masikioni kutwa. Aliponisikia nikilalamika aliniletea vyake. Akasema, "Babu, vaa hivi, weka sauti ya mvua, utasahau kabisa." Na kwa kweli yapo mambo ya namna hiyo katika simu: mvua, bahari, mto. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake katika chumba chake, sina la kupinga. Nilimwambia, "Ahsante mjukuu wangu, lakini mimi siwezi." Akadhani ni mambo ya kizee.

Haikuwa hivyo. Juma lilelile nilikuwa nimeona jambo. Aliingia mjane wa mwalimu mwenzetu, amekuja kuulizia hisa za marehemu. Akasimama mbele ya meza ya kijana akasema, "Hamjambo hapa." Kijana, macho kwenye kompyuta na masikio kwingine, hakuitika. Mama akarudia. Kisha akajifunga kitenge chake vizuri, akageuka kuelekea mlangoni, na laiti mhasibu asingemwahi angeondoka. Kijana hakumdharau, hakumsikia. Lakini mama wa watu hakuja na kipimo cha kupima tofauti ya mambo hayo mawili. Katika nchi yetu salamu isiyojibiwa ni mlango uliofungwa usoni, na mtu anayekuja kwetu, aghalabu, amekuja na shida inayomwaibisha tayari. Mtu wa umri wangu akizibwa masikio mbele yake ataonekana amemtupa.

Iko na sababu ya pili. Ukiziba masikio bila kuweka sauti ndani, kama kwa pamba au vile vizibo vya sponji, nyenje huongezeka, kwa kuwa umemwondolea kila kilichokuwa kikimfunika. Nilivijaribu vizibo nyumbani, na kwa dakika tano nilikuwa kama mtu aliyefungiwa kabatini na mdudu. Na ukiweka sauti ndani, kishawishi ni kupandisha kidogo, halafu kidogo tena, mpaka unamalizia zile chembe chache ulizobaki nazo.

Hivyo ilinibidi nitafute sauti ya kuwekwa chumbani, si kichwani, na chumba si changu peke yangu.

Nilianza na pangaboi. Kule juu ya dari tunalo moja, la zamani, lenye mvumo mzito wa kupendeza na kijimlio fulani kila likizunguka. Likiwashwa, nyenje hupungua nusu. Halipotei, na nilijifunza kwamba si vizuri kulitafutia kupotea. Ukimfunika mdudu kabisa kwa kelele kubwa, siku kelele ikikoma atakurudia kama mgeni. Ukimwacha asikike kidogo chini ya sauti nyingine, ubongo pole pole hujifunza kumpuuza, kama mtu wa Kange anavyopuuza mabasi. Kule kambini kwetu watoto walilala fofofo kando ya korona, na walizinduka pale ilipozimwa.

Pangaboi lilikuwa zuri kwangu mwezi Januari na kila mtu alifurahi. Ulipofika Julai, upepo wa kusi ukivuma na asubuhi zikiwa baridi kwa kipimo chetu cha pwani, mhasibu alikuja mezani kwangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Mwalimu, samahani. Hili pangaboi linaniumiza kifua. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Ana pumu. Alikuwa amekaa wiki mbili na kanga mabegani, akikohoa kwa siri, kwa sababu mimi ni mzee na nilipata kuwafundisha wajomba zake. Hapo nikaona upande wa pili wa heshima yetu: mwenye umri hupewa atakacho na hajui bei yake. Nililizima mwenyewe. Nikakaa na nyenje wangu siku nne, nikifikiri.

Tulichokifanya mwishowe ni hiki. Nilileta kutoka nyumbani feni ndogo ya mezani, nikaiweka juu ya meza yangu, uso wake umeelekea ukutani. Inapuliza ukuta. Hakuna karatasi inayoruka, hakuna kifua kinachoumia, na mvumo wake hurudi kwangu kutoka kwenye ukuta ukiwa umelainika. Wanachama wamecheka sana. "Mwalimu, ukuta una joto?" huniuliza. Mwenyekiti aliuliza swali la maana zaidi, juu ya umeme wa LUKU, nami nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: feni ya wati 40, saa saba kwa siku, ni uniti 0.28. Hakuuliza tena. Mhasibu naye siku hizi ndiye anayeiwasha kabla sijafika.

Umeme ukikatika ni jambo jingine. Kimya huanguka ghafla kama nguo iliyokatika kambani, na mdudu huruka mbele. Kwa hiyo niliomba meza yangu ihamishiwe dirishani. Nje mna mivinje miwili mirefu, na mtu aliyekulia pwani anaijua sauti ya mvinje: upepo mdogo tu ukipita husema "shhh" kwa muda mrefu, karibu sana na sauti ya wimbi linalorudi. Ni bure, na haimdhuru mtu.

Si kila sauti ni rafiki. Muuza kahawa anapopita akigonganisha vikombe vyake, sauti ambayo nimeipenda maisha yangu yote, sasa hunichoma kama sindano. Mihuri nayo. Karani alikuwa akipiga muhuri kwa ngumi kana kwamba anaua panya. Nilimwomba aweke gazeti chini ya kitabu, akaweka. Mambo mengi ya namna hii humalizwa kwa kuomba, mradi uombe kabla hujakasirika. Mvumo humfanya mtu awe mwepesi wa hasira mnamo saa nane mchana, na wenzake wanaona hasira tu, hawaoni nyenje. Ndiyo sababu niliwaambia wote siku moja, wakati wa chai, kwa maneno machache: nina kelele masikioni isiyokoma, si uchawi, haiambukizi, na siombi huruma, naomba mkisema nami mje mbele yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko chai yenyewe.

Lakini shida iliyokuwa nusura initoe katika kazi ile haikuwa mlio wenyewe. Ilikuwa ni sita na tisa.

Msomaji atayatamka maneno haya mawili mwenyewe. Yana herufi zilezile, irabu zilezile kwa mpango uleule. Kilichobadilishana mahali ni S na T tu. Sauti ya S ni nyembamba sana, iko juu huko kwenye mawimbi ambayo sikio la mzee hupoteza kwanza, na huko huko ndiko nyenje wangu alikojenga. Katika chumba chenye watu wanane wanaozungumza, mtu akininong'oneza "laki sita", mimi napokea neno lenye tundu mbili. Nyingine hunisaidia kwa maana. Mtu akisema "nimekuja kwa miguu" na sikuipata "kwa", sijapoteza kitu. Tarakimu haina huruma hiyo. Laki sita na laki tisa zote ni maombi ya kawaida ya mwalimu wa shule ya msingi.

Dawa rahisi ni kusema, "Rudia, paza sauti." Katika ofisi yenye benchi hatua tatu mbali, hilo ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sikukusudia kulianza. Mtu anayeomba mkopo hupunguza sauti kwa makusudi. Nimepokea mwalimu aliyekuja kukopa ili amtoe mkewe hospitali. Nimepokea mwingine, niliyemfundisha kusoma, ambaye mtoto wake alikuwa amefukuzwa chuo kwa ada, naye alikaa mbele yangu akitazama kidole gumba chake. Kumwambia mtu wa namna hiyo apaze sauti ni kumtangaza. Na mimi nikiirudia hesabu kwa sauti yangu ili nihakikishe, nimemtangaza pia, tena kwa sauti ya mwalimu wa gwaride.

Kwa hiyo tangu mwanzo niliweka mezani daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwanachama akiketi, baada ya salamu na habari za nyumbani, namsogezea. "Niandikie hapa kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno." Anaandika, nasoma, naweka alama, ukurasa unachanwa na kubanwa kwenye fomu yake. Wengi wameniambia wanapendelea hivyo. Mtu huandika kiasi ambacho mdomo ungesita kukitaja.

Hata hivyo mwaka mmoja neno lilifika kwa mwenyekiti, sijui kwa njia gani, kwamba katibu wa mikopo hasikii, na fedha za watu ziko mikononi mwa mtu asiyesikia. Aliniita pembeni. Ni mtu muungwana, mdogo wangu kwa miaka kumi na miwili.

"Mwalimu," alisema, "umetufanyia mengi. Labda sasa ungepumzika."

Neno "pumzika" ni tamu likitoka kinywani na chungu likifika. Mtu anayevuma masikio akipelekwa kupumzika nyumbani, amepelekwa kwenye kimya. Najua wazee wawili waliopumzishwa hivyo, mmoja sasa haji hata kwenye misiba, kwa sababu amechoka kuuliza "umesema?" Nilimwomba mwenyekiti anipe nafasi mbele ya kamati, na nikaenda na fomu za miaka mitatu ndani ya sanduku. Sikutoa hotuba. Niliwaomba wachukue fomu yoyote, watazame kipande cha daftari kilichobanwa, mwandiko wa mwanachama mwenyewe, kisha wakilinganishe na hundi. Walichukua kumi na nne. Zote zilikuwa sawa. Nikawaambia kwamba hakuna shilingi ya chama hiki iliyopata kupita katika sikio langu. Zote zimepita katika kalamu za wenyewe. Mjumbe mmoja akauliza kama meza nyingine nazo zinafanya hivyo. Hazikuwa zikifanya. Tangu mwezi uliofuata zinafanya, pamoja na yule kijana, ambaye hana shida ya masikio bado.

Ule mjadala wa kupumzika haukuletwa tena.

Nisieleweke kwamba nimeshinda. Uchambuzi mmoja uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wana hali hii, na zaidi ya milioni 120 wanaiona kuwa ni tatizo kubwa katika maisha yao. Siamini kwamba wote wanahitaji feni na ukuta tu. Wako wanaoteseka hasa. Mtunzi Mcheki Smetana, aliyeziwi mwaka 1874, aliuweka mlio wa masikio yake ndani ya muziki alioutunga mwaka 1876, noti moja ya juu inayoingia ghafla katika sehemu ya mwisho, na wanaoujua muziki ule husema hapo furaha yote hukatika. Mimi kwa siku nyingi sasa hufika saa tano asubuhi ndipo nikakumbuka kwamba sijamsikiliza mdudu tangu nilipoingia. Kumkumbuka ndiko kumwita. Nikianza kumpima kama leo yu mkali kuliko jana, leo huwa mkali. Siku zile namaliza fomu nyepesi, naacha kujumlisha hadi wenzangu warudi kutoka kuswali na chumba kijae maneno.

Binti yangu ameninunulia vifaa vya kusaidia kusikia, vile vinavyokaa nyuma ya sikio na kuacha tundu wazi. Havizibi, kwa hiyo sina ugomvi navyo. Vinapandisha zile sauti nyembamba, mivinje imekuwa mingi kuliko nilivyodhani, na "s" imerejea nusu. Betri zake hupatikana Dar es Salaam kwa urahisi, hapa kwetu kwa kuagiza. Ubaya ni kwamba vikombe vya kahawa navyo vimepandishwa.

Kamati sasa inazungumza juu ya kuhamia jengo jipya lenye vioo na kiyoyozi, kila mtu na kijichumba chake. Mhasibu anafurahi, na ana haki. Mimi nimeandika barua ya mistari mitatu kuomba kwamba, hata kama ni lazima kuhama, chumba changu kisiwe na mlango.